Mtunza Kadi za Bonde

Kwa miaka thelathini na moja mtunza kadi alishuka ngazi zile zile kumi na nne kila asubuhi, akafungua mlango wa chumba cha chini, akawasha taa, kisha akapitisha kiganja juu ya droo zake kama mfugaji anayehesabu mifugo kabla ya kuitoa zizini. Droo zilikuwa arobaini na nane. Ndani yake mlikuwa na kadi elfu kumi na mbili, na katika kadi hizo mlikuwa na kila kitu ambacho Taasisi ilikijua kuhusu Bonde. Mengine yote, yaani vitabu, makala, mihadhara na vyeo vilivyojaa ghorofa mbili za juu, yalikuwa ni kadi hizo hizo zilizopikwa upya kwa viungo tofauti, kutegemea nani amekaa mezani.

Watu wa ghorofani walimwita Bi Kadi. Walikusudia kumdunisha, naye alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea koti la mtumba linalomkaa sawasawa: hakuuliza limetoka wapi, alilivaa.

Kadi zake zilikuwa na utaratibu, na utaratibu huo aliulinda kuliko wengine wanavyolinda heshima yao. Juu kushoto palikaa namba. Juu kulia, tarehe. Katikati, maneno ya msemaji kama alivyoyasema, bila kupunguzwa wala kutiwa chumvi. Chini kabisa, jina la aliyeyaandika. Likitokea kosa, halikukwanguliwa kwa wembe wala kufunikwa kwa rangi nyeupe. Lilipigwa mstari mmoja wa wino mwekundu, mwembamba, ili lililokosewa liendelee kusomeka, kisha aliyekosea akatia sahihi pembeni. Kila mtumishi mpya alimfundisha jambo hilo siku ya kwanza. Kosa lifutwe, alikuwa akisema, lakini lisifichwe.

Huko juu hakukuwa na wino mwekundu. Huko juu kosa lilipandishwa cheo.

Taasisi yenyewe ilizaliwa na ugomvi. Nchi mbili ziligombania Bonde. Moja ililiita Bonde la Kusini, nyingine Bonde la Kaskazini, na wakazi wake, ambao hawakuulizwa, waliliita kwetu. Serikali ilitaka ithibitishwe kwamba watu wake ndio waliokaa humo tangu zamani. Na serikali ikitaka jambo lithibitishwe hujenga jengo, hubandika kibao mlangoni, kisha humtafuta msomi aliye tayari kugundua kile kilichokwisha kuamuliwa. Msomi huyo hakutafutwa kwa tochi. Alikuwa amesimama mlangoni tayari, kalamu mfukoni, hata kabla rangi ya kuta haijakauka.

Huyo ndiye aliyekuja kuwa Mkurugenzi, na baadaye Profesa. Aliandika kitabu cha kurasa mia nne na kitu, akakiita *Wenye Bonde*. Kilisema kwamba Bonde lilijaa watu, tena watu wetu, na kwamba mwenye kusema vinginevyo ni mzushi anayelipwa na jirani. Huko ng'ambo, Mkurugenzi wa taasisi ya jirani naye aliandika cha kwake, kinene vile vile, kikisema Bonde lilijaa watu wao. Wazee hao wawili walitukanana katika tanbihi kwa miaka ishirini, kila mmoja akimwita mwenzake asiye na elimu, na kwa hilo tu kila mmoja alisema kweli.

Katika miaka yake yote ya ubingwa, Profesa alifika Bondeni mara moja. Alikaa siku tatu. Siku mbili tumbo lilimsumbua, akashinda nyumba ya wageni; siku ya tatu alipigwa picha. Picha hiyo ndiyo iliyopamba jalada la kitabu: Profesa ameinamia kisima, mikono miwili imekingwa, akinywa. Chini yake paliandikwa kwa herufi za mlazo kwamba mwandishi anakunywa maji ya kisima cha wenyeji, kilichochimbwa miaka mingi kabla ya ugomvi.

Kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba ilifanywa na wengine, mmoja wao akiwa Bi Kadi, aliyekuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye viatu vya kuazima. Alikwenda na karatasi ya maswali aliyopewa, akawasikiliza wazee mia mbili na kumi na wawili, na maneno yao yakawa kadi za droo ya saba. Kadi namba themanini na nane ilikuwa ya mama mmoja mwembamba, mwenye kisima kile cha jaladani. Mama huyo alikuwa na kijana wa kiume, seremala, ambaye kwa siku nne alijitia kurekebisha mlango usio na kasoro ili awe karibu na mazungumzo. Mwaka uliofuata kijana alihamia mjini, akachonga droo zote arobaini na nane za Taasisi, na kwa mkupuo huo huo akamposa mtunzaji wake. Ndivyo msemaji wa kadi namba themanini na nane alivyogeuka kuwa mama mkwe.

Seremala hakuwa na subira na watu wa ghorofani. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba yeye akipima ubao mara mbili akapata vipimo viwili, hulaumu mkono wake. Mabwana wale wakipima mara mbili, hulaumu ubao.

Kisha nchi mbili zikapatana. Ugomvi wa miaka zaidi ya thelathini ulimalizwa kwa chakula cha mchana na sahihi mbili. Iliamuliwa kwamba Bonde liwe eneo la pamoja, lisilo la huyu wala la yule, na kwa kuwa eneo la pamoja halitakiwi kuwa na wenyewe, ilibidi liwe halikuwahi kuwa nao. Taasisi mbili ziliitisha kongamano moja. Wakurugenzi wawili walikumbatiana jukwaani mbele ya wapiga picha, wakapapasana migongo kama ndugu waliopotezana utotoni, kisha wakasoma mada waliyoandika kwa pamoja. Walikuwa wamegundua, kila mmoja kwa upande wake na kwa mshangao mkubwa, kwamba Bonde lilikuwa tupu. Palikuwa na wapita njia, walisema. Palikuwa na wachungaji wa msimu. Wakazi wa kudumu hawakuwapo, na visima vilikuwa ni mashimo ya asili.

Ukumbi ulipiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale wale waliopigia makofi Bonde lililojaa. Mla mla leo. Mla jana kala nini?

Bi Kadi alisimama nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya chai, akiwa ameshika vitambulisho vya wageni. Hakukasirika. Alijisikia kama mtu anayemwona jirani yake akipita barabarani bila nguo, na kila mtu anamsifia shati.

Matokeo ya ugunduzi huo hayakuchelewa. Iliundwa Kamati ya Bonde, nayo ikatangaza kwamba kila kaya ilete hati inayoonyesha kuwa wazee wake walikaa humo kabla ya mwaka wa ugomvi. Isiyokuwa na hati itahamishwa. Watu wa Bonde hawakuwa na hati. Walikuwa na makaburi, vizingiti vilivyolika kwa nyayo, na kisima. Lakini Kamati ilitaka karatasi yenye muhuri.

Mama mkwe aliwasili mjini Jumapili akiwa na mkoba mmoja na fimbo. Alikuwa ametimiza miaka themanini, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kisimani. Hakulalamika. Alikula, akanawa, kisha akamuuliza mke wa mwanawe kama ile karatasi aliyoandikiwa wakati ule, siku ya yule kijana na mlango wake, bado ipo.

"Ipo, mama," Bi Kadi akajibu. "Kadi haipotei."

"Basi niandikie nyingine kama hiyo, ya kwenda nayo."

Kanuni za Taasisi ziliruhusu. Kanuni ya kumi na moja ilisema kwamba msomaji yeyote anayejaza fomu ya maombi atapewa nakala ya kadi, iliyoandikwa kwa mkono na mtunzaji na kupigwa muhuri, mradi kadi iwe katika droo siku ya maombi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya wasomi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba waliosimuliwa katika kadi wangekuja siku moja kuzisoma.

Jumatatu, kabla Bi Kadi hajavua koti, alikuta waraka mezani. Droo ya saba ingechukuliwa Ijumaa kwa ajili ya uhakiki. Aliusoma mara mbili. Katika jengo lile uhakiki ulikuwa na maana moja: kitu kilipelekwa juu na hakikurudi. Alikunja waraka, akautia bahashani, akampigia simu mumewe. Seremala akampa simu mamaye, na mamaye akampigia jirani, na kufikia Jumatano asubuhi walikuwa watu tisini na sita mbele ya mlango wa Taasisi, wengi wao wazee, wamekaa kwenye ngazi kwa utulivu wa watu waliozoea kungoja.

Chumba cha kusomea hakikuwahi kuona kitu kama hicho. Kilikuwa na viti ishirini, na kwa kawaida vitatu tu vilikaliwa. Kimojawapo kilikuwa cha yule ambaye wenzake walimwita Daktari wa Bonde, kwa kuwa alipata shahada ya juu kwa kuandika juu ya usemi wa watu wa huko. Alipoona bibi mmoja akivuta kiti mbele yake, alishusha miwani na kumwuliza karani wa mapokezi, kwa sauti ya chini, watu hawa ni wa wizara gani.

"Ni wa Bonde," karani akamwambia. "Wale wa kwenye kitabu chako."

Daktari akawatazama kama mtu aliyeandika juu ya samaki maisha yake yote na sasa mmoja amemsalimia. Kwa heshima ya shahada yake aliona hana budi kusema neno. Akamgeukia bibi, akamwamkia kwa usemi wa Bondeni, au kwa kile alichokiandika kuwa ndio usemi wa Bondeni. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwegemea mwenzake na kuuliza, bila uovu wowote, kijana huyu anaumwa nini.

Bi Kadi alikaa mezani kwake, akaanza kuandika. Mashine ya kutolea nakala ilikuwa ghorofani na ilihitaji idhini, kwa hiyo alitumia mkono wake. Kadi moja, nakala moja, muhuri mmoja, sahihi moja. Aliwahudumia kwa namba za kadi, ila jamaa zake aliwaweka mwisho. Hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, halikuwa katika kanuni yoyote: mtunzaji hajipakulii kwanza. Mama mkwe, aliyekuwa wa themanini na nane kwa namba, aliambiwa angoje mpaka wote wapite. Alikubali kwa kichwa na kuendelea kukaa, fimbo katikati ya magoti.

Jumatano walipita thelathini na watano. Alhamisi, kufikia adhuhuri, ishirini. Walibaki arobaini na mmoja, na kidole cha Bi Kadi kilikuwa kimevimba palipokaa kalamu, hapo Profesa aliposhuka ngazi.

Hakuwahi kushuka kwa miaka sita. Alisimama kizingitini akiwa na walinzi wawili, akatazama chumba kilichojaa watu ambao kwa mujibu wa mada yake ya mwisho hawakuwapo. Akaamua kutowaona. Alikuwa na kipaji hicho.

"Dada yangu," alimwambia Bi Kadi kwa upole wa daktari wa meno, "droo ya saba naichukua leo."

"Waraka unasema Ijumaa, Profesa."

"Waraka niliuandika mimi."

"Basi utaweka sahihi kwenye daftari. Kitu hakitoki humu bila sahihi."

Profesa alicheka. Alilivuta daftari, akaandika tarehe, namba ya droo, idadi ya kadi, na sahihi yake ndefu yenye mkia, ile aliyoipenda kiasi kwamba aliitia hata kwenye orodha ya chai. Katika safu ya sababu akaandika: uhakiki. Walinzi wakaibeba droo. Seremala aliichonga kwa mbao nzito, wakapumzika mara mbili ngazini.

Mama mkwe aliwatazama mpaka walipopotea. Kisha akainuka, akakunjua shali yake, akasema waende nyumbani.

Nyumbani seremala hakunyanyua sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa akipiga randa ubao, akaacha. "Watu hamsini na watano," alisema. "Umewaandikia hamsini na watano, mama yangu hayumo."

"Alikuwa jamaa yangu. Ningemtanguliza wangesema nini?"

"Wangesema una mama mkwe. Wao huko juu wanatangulizana mpaka na mbwa wao. Wewe peke yako katika jengo zima umechagua kuwa mwadilifu, tena kwa mgongo wa mama."

Bi Kadi alijua, kwa namna mtu anavyojua ameketi juu ya miwani yake, kwamba unyoofu wake ulikuwa na chembe ya majivuno: alitaka aonekane si kama wao. Na kwa majivuno hayo mtu wa miaka themanini angeambiwa kwamba kisima cha kwao ni shimo la asili.

Ijumaa alikwenda kazini mapema, maana hakujua pengine pa kwenda. Alipopita mapokezi alisimama. Hapo mlangoni, juu ya meza ya kioo, palikuwa na rundo la *Wenye Bonde*, kama lilivyokuwapo kila siku kwa miaka ishirini na kitu, na kila siku macho yake yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya kizima moto. Baada ya mapatano, Profesa alikuwa ameamuru vitabu vyote vya wakati wa ugomvi viondolewe: vya wenzake, vya wanafunzi wake, hata vijitabu vya watoto. Kimoja tu kilibaki. Alikuwa ameandika waraka, siku za utukufu wake, kwamba kila mgeni anayetia sahihi kitabu cha wageni apewe nakala bila malipo. Na waraka huo hakuufuta, kwa kuwa mkono wake haukuweza kuandika sentensi ya kukiondoa kitabu chenye picha yake. Nakala elfu mbili zilikuwa zimechapishwa. Ghalani zilikuwa zimebaki zaidi ya elfu moja na mia nane.

Bi Kadi alifungua nakala ya juu kuanzia nyuma. Kiambatisho kilianza ukurasa wa mia tatu na kumi. Kadi zote mia mbili na kumi na mbili za droo ya saba zilikuwamo, neno kwa neno, kila moja na namba yake na tarehe yake, maana wakati ule kadiri wazee walivyokuwa wengi ndivyo serikali ilivyofurahi. Na ukurasa wa mwisho, chini ya muhuri wa Taasisi, Profesa alikuwa ameandika: Nathibitisha kwamba hizi ni nakala za kweli za kadi zilizomo katika hifadhi yetu. Sahihi ilikuwa na mkia.

Alifunga kitabu. Akamwambia karani wa mapokezi kwamba wageni arobaini na mmoja watafika kabla ya saa sita, nao wangependa kutia sahihi kitabu cha wageni.

Kamati ilikaa Jumanne iliyofuata, katika ukumbi wenye feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Profesa alikaa pembeni, kwenye meza yake mwenyewe na chupa ya maji ya Kamati, kama mshauri wa kitaalamu. Waliokuwa na nakala za muhuri walipita bila shida. Wa hamsini na sita alikuwa mama mkwe. Alitembea polepole hadi mezani, akaweka kitabu mbele ya jaji, jalada juu, akarudi nyuma hatua moja.

Jaji alikitazama kitabu. Akamtazama Profesa. Akakitazama tena.

"Profesa, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa. Siku za ujana."

"Unafanya nini hapa?"

"Nakunywa maji."

"Ya wapi?"

Profesa akaeleza kwa kirefu kwamba elimu haisimami mahali pamoja. Kwamba kizazi kimoja cha utafiti hukisahihisha kingine. Kwamba katika mwanga mpya wa mapatano mambo mengi yalihitaji kutafsiriwa upya. Jaji alimwachia mpaka akamaliza, huku akijipepea kwa ajenda.

"Elimu haisimami, nimekusikia," alisema. "Na kisima je, kilihama?"

Watu walicheka, hata karani wa Kamati. Jaji alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma uthibitisho kwa sauti, akauliza kama sahihi ile ni yake. Hapo ndipo Bi Kadi, aliyekaa safu ya nyuma na daftari mapajani, alipomwona Profesa akipiga hesabu. Kama angesema kiambatisho kilikuwa cha uongo, basi kitabu kilikuwa cha uongo, na kitabu hicho ndicho kilichompa uprofesa, ukurugenzi, na kiti cha ngozi. Kama angesema kilikuwa cha kweli, Bonde halikuwa tupu. Mtu mwingine angeona haya. Profesa aliona upande upi ulikuwa na picha yake.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Kadi ni za kweli. Nilichobadilisha ni tafsiri tu."

"Na kadi zenyewe ziko wapi?"

Alisema hana uhakika, pengine masjala. Bi Kadi alisimama, akaenda mbele, akaweka daftari kando ya kitabu, limefunguliwa kwenye mstari wa Alhamisi. Mkia wa sahihi ya daftari ulikuwa pacha wa mkia wa sahihi ya kitabu. Jaji alizilinganisha kwa muda. Kisha akamwambia karani aandike kaya arobaini na moja, na Profesa aache kunywa maji ya Kamati kama ana ya kwake jaladani.

Hakuna aliyeadhibiwa. Anayetarajia adhabu hajawahi kufanya kazi katika taasisi. Mwaka uliofuata Profesa alitoa kitabu kipya, akieleza kwamba Bonde halikujaa wala halikuwa tupu, bali lilikaliwa kwa kiasi, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuliona hilo. Kilizinduliwa kwa nderemo. Katika shukrani, baada ya wafadhili, wenzake wa ng'ambo, mkewe na mpiga chapa, alimshukuru mtumishi mmoja wa masjala. Droo ya saba ilirudi ikiwa na kadi mia mbili na sita. Bi Kadi, aliyebakiwa na miaka miwili kabla ya kustaafu, alihamishiwa ghala la viti, akavipanga kwa namba.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jumapili baada ya Kamati, mama mkwe alikuwa akifunga mkoba wa kurudi kwake. Alikaa kwenye karakana ya mwanawe, juu ya benchi, akaomba kitu kimoja kabla ya safari: asomewe alichokisema wakati ule. Hakuwahi kukisikia.

Bi Kadi alifungua *Wenye Bonde*, akasoma kadi namba themanini na nane. "Kisima kilichimbwa na mama yangu na ndugu zake, watu wa nchi yetu, mwaka wa njaa ya pili." Mama mkwe alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hapo niliongopa kidogo."

Seremala aliiweka randa chini.

"Ndugu zake hawakuwapo," mama akaendelea. "Aliyeshuka kisimani ni mtu wa upande wa pili. Mama alikuwa juu, anavuta udongo kwa ndoo. Siku kumi na tisa. Jioni alikula kwetu."

"Mbona hukuniambia, mama?" Bi Kadi akauliza.

"Hukuniuliza. Ulikuwa na karatasi. Ikasema, taja watu wa nchi yetu waliochimba kisima. Nikataja. Nilikuonea huruma, mwanangu; viatu vilikuwa vinakuuma, na nilijua huwezi kurudi na jina la yule mtu."

Bi Kadi aliikumbuka karatasi ile. Lilikuwa swali la tano. Alilisoma kwa kinywa chake mara mia mbili na kumi na mbili, katika nyumba mia mbili na kumi na mbili, na hakuna siku alijiuliza ni nani aliyekwisha kulijibu kabla yake. Dharau aliyokuwa ameielekeza ghorofani miaka thelathini na moja ilishuka ngazi kumi na nne, moja moja, ikaja kukaa karibu naye.

Alimuuliza mama mkwe kama ana hakika anataka jambo hilo liandikwe. Mama alisema nyumba imekwisha kuandikwa, haiwezi kufutwa kwa sababu ya marehemu. Na mtu aliyetoboa mwamba siku kumi na tisa anastahili angalau mstari mmoja.

Bi Kadi aliomba kalamu nyekundu. Seremala alikuwa na penseli za kuwekea alama mbao, akamchongea nyekundu mpaka ncha ikawa kama sindano. Alipiga mstari mmoja, mwembamba, juu ya maneno "na ndugu zake, watu wa nchi yetu", nayo yakaendelea kusomeka chini yake. Pembeni akaandika jina ambalo mama mkwe alimtajia, herufi kwa herufi, kisha tarehe.

Palibaki nafasi ya sahihi ya aliyekosea. Akaweka yake.